Tukielekea Kilimanjaro, Tusiipite Bagamoyo



Kuanzia wiki ya pili ya Desemba, barabara inayotoka Dar es Salaam kwenda kaskazini hujaa magari kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Noah na Alphard, Prado za ofisini, mabasi yanayoondoka alfajiri, kila moja limebeba mchele, mafuta ya kupikia, kitenge cha bibi, na watoto waliolaliana kwenye kiti cha nyuma. Wanakwenda Rombo, Kilema, Kibosho, Same, na wengine wanaishia njiani Korogwe na Lushoto. Safari ni ya zaidi ya kilomita 500, na kila baba anayeendesha ana hesabu moja tu kichwani: tutafika saa ngapi?

Sisi tunaoandika ukurasa huu, ambao baadhi yetu tumekua ndani ya magari hayo, tuna ombi kwa familia za Kikatoliki zitakazosafiri mwaka huu. Pitieni Bagamoyo. Badala ya kwenda Kibaha na Chalinze na kukaa kwenye foleni ya malori, shikeni barabara ya Bagamoyo, kisha Makofia, mvuke bonde la Ruvu na kutokea Msata. Kipande cha Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami. Wengi wenu mnakijua tayari, maana mnakitumia kukwepa foleni. Lakini kukwepa foleni ni jambo moja, na kusimama ni jambo jingine. Ombi letu ni kusimama saa tatu, watoto wakiwa macho.

Tunajua Bagamoyo si ngeni kwa waamini. Parokia hupanga hija, mabasi hujaa, kwaya huimba hadi ufukweni, watu hupiga picha msalabani, wanakula wali na samaki, wanarudi jioni wamechoka na wamefurahi. Mwaka 2018, Kanisa lilipoadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji wa Tanzania Bara, maelfu walifika pale. Hija ni jambo jema na hatuisemi vibaya. Ila mtoto wa miaka tisa katikati ya umati wa watu mia nne anaona migongo ya watu. Hasikii mwongozaji anasema nini, na akiuliza swali hakuna wa kumjibu. Kwenye gari la familia hali ni tofauti. Mbele yake kuna saa saba nzima za kuuliza, na wazazi hawana pa kukimbilia.

Sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati inawaagiza wazazi wazungumze na watoto wao juu ya mambo ya Mungu wakiwa nyumbani na wakiwa njiani. Tunasahau hilo neno la njiani. Tunadhani katekesi ni ya Jumamosi saa nne, darasani, na katekista. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani, na Kanisa hilo mara moja kwa mwaka husafiri likiwa ndani ya gari moja, watu saba, madirisha wazi. Nafasi kama hiyo haipatikani tena hadi Desemba inayofuata.

Kwa nini Bagamoyo, na si mahali pengine? Kwa sababu imani ambayo familia hizi zinakwenda kuisherehekea kwenye Misa ya mkesha kule mlimani ina mizizi yake katika mchanga ule. Mapadre wa kwanza wa zama hizo walifika Zanzibar mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion. Shirika la Roho Mtakatifu likapokea kazi mwaka 1863, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wakavuka kuja bara, wakaanza misheni Bagamoyo kwa idhini ya Sultani wa Zanzibar. Kutoka hapo zilizaliwa misheni za Mhonda, Mandera, Morogoro na nyingine. Mwaka 1890 watu wa shirika hilo hilo, Askofu de Courmont, Padre Le Roy na Padre Gommenginger, wakafika Kilema. Njia waliyopita haikuwa hii yetu ya Msata, ni kweli. Lakini bibi anayewangoja wajukuu pale Kilema na rozari mkononi ni tunda la mbegu iliyopandwa pwani. Hata kahawa yake, wazee wanasimulia, ilipandishwa mlimani na mapadre hao hao.

Hadi hapo hadithi ni tamu, na ndipo wengi huishia. Wamisionari walikuja, wakatuletea imani, tukapiga makofi. Sisi tunaona kwamba kumsimulia mtoto hivyo tu ni kumnyima nusu ya urithi wake, na nusu yenyewe ndiyo iliyo nzito.

Wakristo wa kwanza wa Bagamoyo walikuwa watoto walionunuliwa.

Walitoka ndani ya bara: Wayao, Wanyasa, Wazigua, Wamanyema na wengine ambao makabila yao yaliandikwa ovyo au hayakuandikwa kabisa. Walitekwa vitani, au waliuzwa kwa deni, au waliibwa wakichota maji. Wengine walikombolewa katika soko la Zanzibar kwa fedha taslimu, na wengine walikabidhiwa misheni baada ya manowari za Waingereza kukamata majahazi yaliyowabeba. Fedha nyingi za kuwakomboa zilitoka kwa Wakatoliki wa Ulaya, hasa kupitia Shirika la Utoto Mtakatifu lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambalo watoto wake walitoa senti kidogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Ndiyo, Utoto Mtakatifu huu huu wa parokiani kwenu. Mtoto wako aliyevaa skafu ya Utoto Mtakatifu Jumapili iliyopita ana undugu wa moja kwa moja na watoto wa Bagamoyo, na huenda hakuna aliyemwambia.

Waliokombolewa waliishi katika kijiji cha misheni. Walisoma, walifundwa useremala na ufundi chuma, walilima mashamba, walisali kwa kengele na kulala kwa kengele. Walipokua waliozeshwa wao kwa wao, na baadhi ya ndoa hizo changa zilipelekwa bara kuanzisha vijiji vipya vya Kikristo pamoja na mapadre. Mhonda ilianza hivyo mwaka 1877. Wengine waliyakubali maisha hayo kwa moyo wote, wakawa walimu wa dini wa kwanza wa nchi hii. Wengine walitoroka. Hilo nalo lisemwe. Mtu aliyekombolewa kwa fedha, akapewa jina jipya, kazi, mke na ratiba, anaweza kushukuru na bado akatamani kwenda zake. Padre aliyempenda kama mwanawe naye anaweza asilielewe jambo hilo. Tunalisema bila kuwadharau wamisionari. Wengi wao walikufa kwa malaria wakiwa vijana wa umri wetu sisi wa seminarini, na makaburi yao yako pale pale nyuma ya majengo. Tembeeni kati ya misalaba ile, mhesabu miaka waliyoishi. Kuna waliokufa kabla ya kutimiza miaka thelathini.

Hapo ndipo mtoto atauliza: kama utumwa ni dhambi, kwa nini mapadre walinunua watu? Baba usikohoe na kuongeza sauti ya redio. Swali hilo liliulizwa na watu wazima wakati ule ule, maana kila aliyenunua, hata kwa nia ya kukomboa, aliweka fedha mikononi mwa muuzaji. Jibu tunaloliona sisi ni kwamba mbele yao alisimama mtoto mmoja mwenye jina, wakachagua kumtoa huyo leo kuliko kusubiri soko lifungwe. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Mtoto aliyeuzwa mwaka 1869 asingeweza kusubiri. Wapo wasiokubali jibu hili, na mabishano juu yake ndani ya gari kuanzia Msata hadi Korogwe ni mazuri kuliko katuni kwenye simu.

Wazazi wanaopenda kulilinda Kanisa watataka kumaliza hapo: utumwa uliletwa na wengine, Kanisa likaukomesha. Tusimdanganye mtoto. Mwaka 1452 Papa Nikolao wa 5 alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia utumwani watu wasio Wakristo. Papa Gregori wa 16 alilaani biashara ya watumwa mwaka 1839, karne karibu nne baadaye. Réunion, kisiwa walikotokea mapadre wetu wa kwanza, kilikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa katika pwani hii hii, na utumwa ulifutwa huko mwaka 1848 tu. Mtakatifu Yohane Paulo wa 2 alisimama kwenye kisiwa cha Gorée, Senegali, mwaka 1992, akaomba msamaha kwa dhambi ya Wakristo walioshiriki biashara ile. Ikiwa Papa aliweza kulisema mbele ya ulimwengu, baba wa familia anaweza kulisema akiwa ameshika usukani.

Vivyo hivyo tusiifanye hadithi hii kuwa kesi ya Waarabu, au mbaya zaidi, ya Waislamu. Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi, watu wapole, na ndio watakaowauzia watoto wenu madafu na kuwaonyesha njia. Misafara ilikopeshwa mitaji na matajiri wa Kihindi wa Zanzibar. Bara walikuwapo machifu Waafrika waliouza jirani zao. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka Ujiji, umbali wa kilomita kama 1,200, zilikwenda Ulaya na Marekani, na huko Connecticut zilichongwa kuwa vibao vya piano. Kinanda kilichopigwa katika sebule ya Mkristo mwema ng'ambo kilikuwa na jasho la Bagamoyo ndani yake. Kila aliyegusa biashara ile alichafuka.

Na kuna jambo la jina lenyewe. Karibu kila mwongozaji atawaambia kwamba Bagamoyo ni "bwaga moyo", kilio cha mtumwa anayeiacha bara na kukata tamaa ya kurudi. Inawezekana. Lakini wapo wanahistoria wanaoona kwamba jina hilo lilitoka kwa wapagazi, Wanyamwezi na wengine, watu huru waliokuja na pembe za ndovu kwa ujira. Baada ya miezi mitatu ya miba na kiu, walipoiona bahari, waliutua mzigo na kuubwaga moyo: wakapumzika. Bandari kubwa zaidi ya kupeleka watumwa Zanzibar ilikuwa Kilwa, na Bagamoyo iliishi zaidi kwa pembe na kwa misafara. Watumwa walipita, hilo halina ubishi. Ila tunapendelea mtoto azijue maana zote mbili, achague au akatae kuchagua. Baba wa Kichaga anayefika kwao tarehe 23 usiku, akashusha mizigo na kuketi kwenye kigoda, anaijua vizuri ile maana ya pili.

Mahali pa kwenda si pengi, na kwa saa tatu mnaweza kufanya kazi nzuri. Ingieni misheni kupitia barabara yenye miembe. Makumbusho ya Kanisa yamo katika nyumba ya zamani ya masista, iliyojengwa mwaka 1876. Ndani kuna minyororo halisi. Msiwafumbe watoto macho. Nje kuna mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome, na wageni wengi huutazama kwa hofu wakidhani ni mnyororo wa watumwa. Inasimuliwa kwamba ulifungwa na mama mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, mlei aliyehudumia wagonjwa, ili amfunge punda wake, na mti ukaendelea kunenepa. Watoto huipenda hadithi ya punda kuliko zote, na wana haki. Katikati ya mambo mazito hivyo, mtoto anahitaji punda.

Kisha mnara wa kanisa la zamani. Usiku mmoja wa Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa hapo. Alikuwa amekufa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Waliombeba ni Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao makumi kadhaa, kwa miguu, miezi tisa hivi, kilomita zaidi ya 1,500. Moyo wake waliuzika chini ya mti, mwili wakaukausha kwa jua. Njiani waliugua, walipigana, walishauriwa wauzike hapo hapo, wakakataa. Vitabu vya shule vinamtaja Livingstone. Msimulieni mtoto juu ya wabebaji. Na msiache mwisho wake: walipofika pwani walilipwa ujira wao na kuachwa, na katika mazishi ya Aprili 1874 kule Westminster, kati ya wote waliombeba, alikuwapo Wainwright peke yake. Chuma alikuwa mtumwa aliyekombolewa akiwa mtoto. Wainwright pia. Watu waliowahi kuwa bidhaa ndio walioamua, pasipo kuagizwa na mtu yeyote, kwamba maiti ya rafiki yao ina heshima yake. Kwa mafundisho juu ya hadhi ya mwanadamu, sisi wa seminarini tunasoma vitabu vinene. Mnara ule unatosha kwa saa moja.

Mkipata muda, nendeni Kaole, kilomita chache kusini. Kuna magofu ya misikiti na makaburi ambayo ya zamani zaidi ni ya karne ya 13. Mtoto Mkatoliki anayeona kwamba watu walikuwa wakimwomba Mungu kwenye pwani hii miaka 600 kabla ya Padre Horner kushuka jahazini atakuwa jirani mwema kwa rafiki zake Waislamu darasani. Boma la Wajerumani la mwaka 1897 mnaweza kulitazama mkiwa garini. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, na karibu na ufukwe pana kumbukumbu ya mahali walipowanyongea waliowapinga. Hilo ni la watoto wakubwa.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Katika mengi ya magari tunayoyazungumzia kuna mtu ambaye hatajwi familia inapojihesabu. Ni dada wa kazi. Amekaa kiti cha mwisho kabisa, kati ya ndoo na begi, amempakata mtoto mdogo. Ana miaka kumi na sita, au anasema ana kumi na nane. Ametoka Singida, Dodoma, Iringa, au kijiji cha jirani na nyumbani kwa mama mwenyewe. Aliletwa mjini na mtu "anayemfahamu mtu". Krismasi haendi kwao. Anakwenda kwenu, kupika na kuosha vyombo vya wageni thelathini. Mlangoni mwa makumbusho baba anahesabu viingilio: wakubwa wawili, watoto watatu. Dada anabaki chini ya mwembe na mtoto mchanga. Tumeliona hili kwa macho yetu, si mara moja, na familia zenyewe zilikuwa za watu wema, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wengine wanakwaya.

Hatusemi kwamba dada wa kazi ni mtumwa. Kulisema hivyo ni kuwakosea heshima waliofungwa ile minyororo, na kuwakosea wasichana wengi wanaofanya kazi halali kwa bidii na kwa hiari yao, na pia kina mama wengi wanaowalea kama wanao. Lakini tunasema kwamba ukishatoka ndani ya nyumba ile ya masista, maswali fulani hayaepukiki. Je, mshahara wake anaupokea mkononi mwake, au "tunamtunzia"? Anaijua siku yake ya mapumziko? Jumapili anakwenda Misa, au anabaki na jiko ili sisi twende Misa? Ameshawahi kuitwa kwa jina lake la ubatizo ndani ya nyumba hiyo, au ni "dada" tu, kama waliomtangulia? Ana miaka mingapi hasa? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na huo ndio mstari wa chini kabisa wa sheria. Injili inadai zaidi ya hapo.

Mtu anaweza kutuambia tunachanganya mambo ya kale na ya leo. Hayako mbali kama tunavyodhani. Wajerumani, waliojigamba kwamba wamekuja kupambana na biashara ya watumwa, hawakufuta utumwa wenyewe. Amri yao ya mwaka 1904 iliwapa uhuru tu watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mwaka 1922! Wapo wasomaji wetu ambao babu zao walikwisha kuzaliwa. Hakuna aliyelala mtumwa mwaka huo akaamka ana shamba, elimu na jina la ukoo. Wengi walibaki majumbani mwa waliowamiliki, wakifanya kazi zile zile, wakiitwa watu wa nyumba. Desturi ya kuwa na mtu ndani ya nyumba ambaye yumo lakini hahesabiwi ni ya kale sana kwetu, na haikuletwa na wageni peke yao.

Mtume Paulo, alipomwandikia Filemoni, alimrudisha Onesimo akiomba apokelewe kama ndugu mpendwa na si tena kama mtumwa. Alilisema hilo kwa mwenye nyumba, kwa jina, katika barua iliyosomwa pia na Kanisa lililokutana nyumbani kwake. Halikuwa jambo la siri la familia. Kwa hiyo na sisi tunalisema hadharani: kiingilio cha dada kilipwe. Aingie, amwone Bakhita kwenye picha kama ipo, na kama haipo mama amsimulie: msichana wa Sudani aliyezaliwa karibu 1869, akatekwa mdogo, akauzwa mara kadhaa, akapata uhuru Italia, akawa mtawa, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Sikukuu yake ni tarehe 8 Februari, na Kanisa limeifanya kuwa siku ya kuombea waathirika wa biashara haramu ya binadamu. Dada anaweza kuwa na neno la kusema juu ya maisha hayo kuliko sisi sote. Kwenye kiti kile cha nyuma anaweza kuwamo mwalimu bora wa dini wa safari nzima, ila hajawahi kuulizwa.

Na kwa kuwa tunaonyesha vidole, tukielekeze kimoja upande wetu. Seminarini, parokiani, kwenye nyumba za mapadre, wapo wanaopika, wanaofua, wanaolinda geti usiku. Mseminari anayeweza kueleza kwa ufasaha barua kwa Filemoni lakini hajui jina la mama anayempikia ugali ana somo bado la kusoma, na halifundishwi darasani.

Tunategemea pingamizi tatu. Ya kwanza ni muda, na tumekwisha kuijibu: saa tatu katika safari ya siku nzima, kwenye barabara ambayo tayari inawapunguzia foleni. Ya pili ni fedha. Familia inayosimama Mombo kununua nyama choma ya watu saba inaweza kulipa viingilio saba. Ya tatu ndiyo yenye uzito: Krismasi ni furaha, kwa nini tuwatwishe watoto huzuni? Tumeifikiria. Lakini Mtoto tunayekwenda kumshangilia alizaliwa safarini, kwa sababu ya amri ya serikali ya kuhesabu watu, na kabla hajajua kutembea wazazi wake walikimbia naye usiku. Mtoto wa miaka minane hulibeba jambo zito vizuri akiwa ameshikwa mkono. Vijana wanaotupa shida ni wale waliofika chuo kikuu wakakutana na historia ya utumwa na Kanisa kwa mara ya kwanza kwenye video ya mtu mwenye hasira, wakajiona wamedanganywa na wazazi, na katekista, na padre. Baadhi hawakurudi Misani. Tunawafahamu kwa majina.

Kwa watakaokwenda: tokeni Dar mapema, saa kumi na moja alfajiri, mtaingia Bagamoyo kabla jua halijawa kali. Makumbusho yakiwa bado hayajafunguliwa, anzeni makaburini, kisha msalabani ufukweni, watoto wachezee maji kidogo wakati ngalawa zinarudi. Mwombeni mwongozaji azungumze na watoto na si na baba. Chukueni kofia na maji. Chai na mihogo ya kukaanga inapatikana mjini. Kabla ya kuondoka salini fumbo moja la rozari makaburini, na aliongoze dada. Mkiondoka kabla ya saa tano mtapita Msata bila haraka, mtakula Mombo, na mtakuwa Same jua lingali juu, maswali yakiwa yanaendelea.